Beni ya Tabora na Tuhuma ya Kuiga

Miongoni mwa tuhuma zinazotolewa katika mijadala ya utamaduni, hakuna iliyo nyepesi kuitamka na nzito kuibeba kuliko tuhuma ya kuiga. Kijana akijipaka wanja mzito na poda nyeupe, akavaa koti kuukuu la kijeshi, akapanda jukwaani na kinanda kuimba kwa sauti iliyo baina ya kilio na kicheko juu ya mauti, ulevi na wakubwa waliooza, hukumu huwa imekwisha andikwa kabla wimbo haujafika kituoni. Huyo ameiga. Ameacha mbachao kwa msala upitao. Hakimu wa namna hiyo husema kwa yakini, na mshitakiwa hukosa la kujibu, kwani naye anaamini kwamba alichokivaa kimetoka ng'ambo jana.

Wote wawili hawajui habari za Tabora. Kutojua kwa kijana kuna udhuru, maana hakufundishwa. Kutojua kwa hakimu hakuna udhuru, kwani yeye ndiye aliyekabidhiwa kumbukumbu na akachagua ipi itunzwe na ipi itupwe. Mzozo huu basi, ingawa unaanzia kwenye wanja na koti, unahusu jambo kubwa zaidi: ni sanaa gani inayoruhusiwa kuitwa ya wenyeji, na nani aliyepewa mamlaka ya kuruhusu.

Muziki unaotuhumiwa huitwa kabare ya giza. Mzizi wake ni kabare ya Kijerumani, ambayo ilipata ukumbi wake wa kwanza mjini Berlin mwezi wa Januari 1901, pale Ernst von Wolzogen alipofungua Überbrettl. Ilikomaa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, katika Ujerumani iliyompoteza Kaiser wake, fedha yake ikiwa haina thamani na majeruhi wa vita wakiwa wamejaa mitaani. Waimbaji wa zama hizo walichukua yote yaliyokuwa yakitukuzwa, yaani cheo, sare, nidhamu na utukufu wa taifa, wakayaimba kwa sauti ya dhihaka. Mwaka 1928 Bertolt Brecht na Kurt Weill walitoa Dreigroschenoper, mchezo wa wezi na ombaomba ambamo mwizi na tajiri hawatofautiani sana. Mwaka 1933 Wanazi walishika hatamu na kumbi zikanyamazishwa. Wasanii waliobahatika walikimbilia uhamishoni; wengine, kama Fritz Grünbaum na Kurt Gerron, waliishia katika kambi za mateso.

Mbegu hiyo ilichipuka tena mwishoni mwa karne. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1970 walileta panki, muziki wa hasira na ala chache, na ubavuni mwake ukazuka muziki wa gothi wenye mavazi meusi na mapenzi ya makaburi. Mwaka 1989 Martyn Jacques aliunda kundi la Tiger Lillies mjini London, akaimba kwa sauti nyembamba ya juu na kodiani mkononi. Mwaka 2000 Amanda Palmer na Brian Viglione waliunda The Dresden Dolls mjini Boston, kinanda na ngoma tu, nyuso zimepakwa rangi nyeupe. Palmer mwenyewe aliita sanaa yao kabare ya kipanki ya Kibrecht. Katika yote hayo sifa tatu hazikosekani: vazi la mwenye nguvu huvaliwa na asiye nguvu, mauti huletwa jukwaani yakachekwa, na mambo yasiyoungana huunganishwa makusudi ili mtazamaji ajiulize maswali.

Sifa hizo tatu zilikuwako katika njia kuu ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, kabla Wolzogen hajafungua mlango wa ukumbi wake.

Richard Burton alifika Kazeh, mahali palipo karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 ameacha maelezo marefu ya kirangozi, kiongozi wa msafara. Alivaa joho jekundu lenye tundu la shingo na vitambaa vya kuning'inia mbele na nyuma. Kichwani alijivika ngozi ya mbega au ya paka mwitu, juu yake shada refu la manyoya ya bundi au ya korongo. Akiwa na fahari hiyo aliwatangulia watu waliobeba pembe na nguo juu ya mabega yaliyochubuka, katika njia iliyokuwa na njaa, ndui na mifupa ya waliotangulia. Ngoma ililia, baragumu ikajibu, wapagazi wakapokezana nyimbo zilizowasema matajiri, vijiji na wao wenyewe. Burton aliona kituko na akakiandika kwa kicheko chake cha mgeni. Hakuona kwamba na wao walikuwa wakicheka. Kirangozi aliyejipamba manyoya ya bundi, ndege wa nuksi, mbele ya watu ambao hawakuwa na hakika ya kufika, alijua vizuri alichokuwa akikifanya.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwezi wa Januari 1893 Tom von Prince aliivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye Isike akajilipua kwa baruti kuliko kujisalimisha. Juu ya ushindi huo ikasimama boma la Kijerumani, na nyuma ya boma ikaja kwata, parapanda na sare. Wanyamwezi wengi waliokuwa wapagazi wakawa askari, na wengine vibarua wa reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Njia ikawa ileile, lakini mizigo na mabwana wakawa wengine.

Pwani, kwa wakati huohuo, ngoma mpya ilikuwa imeshika mitaa. Beni, jina lililotokana na bendi, ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Iliposhuka Tanga na Dar es Salaam, ambako bendi za shaba za Kijerumani zilisikika katika shule ya serikali na jeshini, iligawanyika katika vyama viwili vya mashindano, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu watu wa mji na wenye staha. Arinoti waliwapokea zaidi watu wa bara na wenye kazi za sulubu. Kila chama kilikuwa na vyeo kuanzia mfalme hadi kapteni na daktari, na kila chama kilikuwa na sare, gwaride, karamu na nyimbo za kuwaumbua mahasimu. Kilikuwa pia na kazi ya kuwapokea wageni wasio na jamaa mjini, kuwauguza wagonjwa na kuwazika maiti. Askari na watumishi waliohamishwa kutoka kituo hadi kituo waliichukua beni mpaka bara, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza kuliko kitu kingine chochote.

Hapa msomaji atazame kalenda. Mwaka 1916 Tabora ilikuwa makao ya serikali ya Kijerumani iliyokuwa ikirudi nyuma. Karibu na mji, katika karakana ya reli, zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa kuwa serikali ilikuwa imeishiwa na fedha. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini. Miaka miwili baadaye Kaiser alijiuzulu, na Lettow-Vorbeck akasalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Nyuma yao walibaki makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa bila ya makaburi, nchi yenye njaa, na homa kubwa ya mafua iliyomaliza kaya nzima. Katika hali hiyo watu wa miji ya bara walivaa mabaki ya sare, wakajipa vyeo vya wafalme na majenerali, wakapiga gwaride kuzunguka mji.

Katika hali hiyohiyo, na katika miaka hiyohiyo, watu wa Berlin walikuwa wakifanya jambo lilelile. Vita vilikuwa vilevile, jeshi lilikuwa lilelile, na Kaiser aliyeanguka alikuwa yuleyule. Berlin iliicheka sare iliyoipeleka kwenye maangamizi, na miji ya njia ya misafara ilikuwa imeivaa sare hiyohiyo mgongoni. Ya Berlin iliitwa kabare na ikaandikiwa vitabu vya kujaza maktaba. Ya Tabora iliitwa kuiga.

Wenye kutoa tuhuma hiyo husema kwamba Mwafrika wa beni alimtamani mzungu, akajivika sura yake kwa kuwa ameidharau yake. Hoja hiyo ilianza midomoni mwa wakoloni wenyewe, ambao walizoea kuitazama beni kama watoto waliovaa viatu vya baba yao. Ajabu ni kwamba wakoloni haohao hawakuiamini. Vita vilipokwisha, maofisa wa Kiingereza walifanya upelelezi juu ya vyama vya beni, wakihofia kwamba ndani ya gwaride na vyeo mlikuwa na njama iliyoenea nchi nzima. Walipogoma wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935, tume ya uchunguzi ilisikiliza ushahidi juu ya chama cha Mbeni, mtoto wa beni aliyehamia migodini. Serikali haipelelezi watoto waliovaa viatu vya baba yao. Ilipeleleza kwa sababu iliona watu waliojipanga na kuchagua viongozi wao bila ya ruhusa, na ambao waliweza kuitenda mbele ya halaiki sanaa ya kutawala, kwata kwa kwata, hadi ikaonekana kuwa ni mchezo unaoweza kuchezwa na yeyote.

Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionesha kwa ushahidi mwingi kwamba ngoma hii haikuwa kioo cha mzungu. Ilikuwa na mizizi katika mashindano ya kale ya mitaa ya Waswahili, ambako mtaa kwa mtaa walishindana kwa ngoma, mashairi na karamu muda mrefu kabla ya parapanda ya kwanza ya Kijerumani. Kilichokopwa kilikuwa vazi, wala si mchezo wenyewe. Aliyewahi kuiona beni ya harusi mjini Unguja hahitaji kitabu kulithibitisha hilo. Tarumbeta ni la kigeni. Kiuno, kejeli na mipasho inayofuata ni ya mtaa.

Hata hivyo si haki kuitetea beni kwa kuificha aibu yake. Hoja nzito kuliko ya kuiga ni hii: baadhi ya waliovaa sare hizo hawakuwa wakicheza. Walikuwa askari kweli. Jeshi hilo la Kijerumani liliteketeza vijiji na mashamba ya kusini wakati wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na waliotia moto walikuwa Waafrika chini ya amri ya wazungu. Kwa aliyeungua, gwaride si dhihaka. Aidha beni ilipenda vyeo kupita kiasi, ikawabagua watu kwa nasaba na mavazi, na ikawafilisi wengi kwa karamu za kushindana. Yote hayo ni kweli, na atakayeiandika historia yake lazima ayaandike.

Lakini jibu la hoja hiyo halipatikani kwa kuifuta beni. Sare ileile ilikuwa na maana mbili, na kazi ya sanaa ilikuwa kuitoa kutoka maana ya kwanza kuipeleka katika ya pili. Askari aliyevuliwa jeshi akarudi mjini, akakuta nafasi ya kapteni wa beni imeshikwa na dobi au mpishi, alijifunza somo ambalo hakuna afisa aliyemfundisha: kwamba amri ni vazi. Somo hilo lilikuwa na faida kwa aliyewahi kutii na kwa aliyewahi kutiishwa.

Maisha ya mtu mmoja yanaonesha vizuri tofauti baina ya kuvaa na kuvishwa. Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari mwenye asili ya Sudan. Vita vilipoanza aliingia jeshini pamoja na baba yake angali mtoto. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akabaki mjini humo, katika kilele cha zama za kabare. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe la Potsdamer Platz. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliigiza katika filamu, ikiwamo ile ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, na alivaa sare ya askari katika mikutano ya Wajerumani walioyalilia makoloni yao. Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe la kumkumbuka liliwekwa mtaani Berlin mwaka 2007.

Katika mji ambao ulijifunza kuicheka sare, Mahjub alivishwa sare ili watu wengine waote ndoto zao za utawala. Hakuwa na chama, hakuwa na wa kumjibu wimbo, wala hakuchagua maana ya alichokivaa. Mchezaji wa beni wa Tabora alivaa nguo hiyohiyo akiwa na mtaa mzima nyuma yake, mahasimu mbele yake, na wimbo ambao yeye ndiye aliyeutunga. Tofauti baina ya kuiga na kukejeli haimo katika kitambaa. Imo katika swali moja: ni nani anayeongoza ngoma, na ni nani anayechekwa?

Walinzi wa utamaduni safi hawapendi swali hilo, kwa kuwa wamezoea swali jepesi la asili: kitu hiki kimetoka wapi? Ni vyema wakumbushwe walilitoa wapi swali lenyewe. Mwaka 1938, mjini Düsseldorf, Wanazi walifungua maonesho ya muziki waliouita uliooza. Tangazo la maonesho hayo lilikuwa na picha ya mpiga saksofoni mweusi mwenye nyota ya Daudi kifuani. Kosa la muziki ule, kwa mujibu wa mahakimu wake, lilikuwa kuchanganyika. Ulikuwa na damu ya Kiyahudi, ya Kiafrika, ya mjini, na haukuwa wa taifa. Anayeihukumu sanaa kwa usafi wa damu yake atazame ni wenzake gani aliokaa nao katika benchi hilo.

Tanzania haikufanya maovu ya namna hiyo, wala hapana anayedai hivyo. Shabaha ya mwaka 1962, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa, ilikuwa njema: kuwarudishia watu fahari waliyopokonywa. Nyerere alipowauliza Watanganyika ni wangapi kati yao walioijua gombe sugu au lele mama, ilhali walizijua rumba na twisti, aligusa jeraha la kweli. Lakini tazama orodha yake. Lelemama, aliyoitaja kama mfano wa ngoma ya wenyeji, ni dada wa beni. Vyama vya wanawake wa lelemama mjini Mombasa vilishindana kwa vyeo na majina ya beni, sare na gwaride vikiwamo. Mwalimu, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, alikuwa na sikio jema. Waliomfuata ndio waliochukua swali lake la fahari wakaligeuza kuwa swali la usafi. Vikundi vya taifa vikaonesha ngoma za mikoa zilizosafishwa na kupangwa mistari. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Beni haikupigwa marufuku. Ilipatwa na adhabu ya kimya zaidi: haikuwa na mahali pa kuandikwa, kwani haikuwa ya kabila, haikuwa ya kale ya kutosha, na ilinukia baruti ya Wajerumani.

Matokeo yake yanaonekana Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Hapo limehifadhiwa tembe ambamo Livingstone na Stanley waliishi mwaka 1872. Mwaka 2006 njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kwihara ni miongoni mwa vituo vyake sita, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Hakuna mwenye akili atakayepinga kumbukumbu ya machozi ya njia hiyo. Lakini urithi unaokumbuka minyororo na wageni wawili tu unawanyima wenyeji kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kuwapokonya wakati ule, nacho ni akili yao ya kucheka. Wapagazi waliotunga nyimbo njiani na waliocheza beni chini ya miembe hawamo katika tembe hilo.

Na bado kizazi chao hakikukatika. Beni ilipofifia, vilabu vya dansi vilirithi watu wake, mashindano yake na tabia yake ya kuwasema wakubwa kwa mafumbo. Tabora ikawa mji wa muziki: Nyanyembe Jazz kwa upande mmoja, na Tabora Jazz, wana Segere Matata, kwa upande wa pili, wapenzi wao wakibishana kama walivyobishana Marini na Arinoti. Kutoka ncha ya mbali zaidi ya njia ileile, Kindu katika nchi ya Manyema, akatoka Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1978. Alijiita Dokta, cheo ambacho kapteni yeyote wa beni angekisalimu. Aliimba juu ya kifo kama mtu anayebishana na jirani mkorofi. Aliimba juu ya umaskini, na katika Mambo kwa Soksi akawahimiza wanaume kutumia kondomu wakati wengi walikuwa wakizika wafu wa UKIMWI kwa kunong'ona. Redio ya taifa ikaukataa wimbo huo. Alipofariki Desemba 2010, mtaa wake wa Sinza ulikuwa umekwisha kuitwa kwa jina lake. Mwimbaji wa mauti, mcheshi, mtetezi wa wanyonge, mwenye cheo cha kujipa na mavazi ya kushtua: kama angezaliwa Berlin, wanahistoria wa kabare wangempa sura nzima.

Hukumu, basi, ina ncha mbili. Kwa kijana wa wanja na koti jeusi: asijidanganye kwamba amevumbua, wala asidhani kwamba ujasiri umo katika rangi ya uso. Akiziimba huzuni za Boston kwa maneno ya Boston, akamcheka mfalme ambaye hajawahi kumtawala, tuhuma ya kuiga itamshika, na atastahili. Wa kuchekwa wapo karibu naye. Wana magari marefu na ving'ora, wana sare zao na vyeo vyao, na mabaragumu ya kuwasifu hayakosi wapulizaji. Akiwaelekea hao, vazi alilolikopa litakuwa halali yake, kama ilivyokuwa halali sare kuukuu mgongoni mwa mpishi wa Tabora.

Kwa hakimu wake deni ni kubwa zaidi, na linalipika. Nyimbo za beni za miji ya njia kuu zikusanywe kutoka kwa watoto na wajukuu wa waliozicheza, maana wachezaji wenyewe wamekwisha zikwa. Picha zilizomo katika masanduku ya familia zitafutwe kabla mchwa haujazimaliza. Yaliyoandikwa juu ya beni kwa Kiingereza yafasiriwe kwa lugha ambayo beni iliimbwa. Na katika tembe la Kwihara itengwe japo pembe moja ya ukuta kwa kirangozi wa joho jekundu na manyoya ya bundi, aliyewatangulia wote waliopita hapo, wageni wawili wakiwamo.

Mpaka hayo yafanyike, msemaji wa utamaduni anayenyosha kidole kumwambia kijana kwamba ameiga hana budi kwanza aulizwe yeye: ameisahau beni kwa bahati mbaya, au alifundishwa kuisahau, na aliyemfundisha ni nani?